Kaka anataka niache dawa ya sonona, nitumie virutubisho

BARUA

Shikamoo mshauri,

Naomba jina langu lisitokee. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga, nina miaka 43, nimeolewa na nina watoto watatu. Mwaka juzi tulimzika mama. Baada ya arobaini, watu waliporudi makwao, nilibaki na hali ambayo sikuielewa. Mwanzo nilidhani ni msiba tu, utapita. Ikafika mahali naamka saa tisa usiku silali tena, chakula hakipiti, nikiingia darasani nasahau nilichokuja kufundisha. Daftari moja nilisahihisha jioni nzima. Nikaanza kutamani nilale nisiamke. Shangazi akasema nisomewe. Nikasomewa, na sikatai kwamba nilipata utulivu, lakini haukukaa.

Mwalimu mwenzangu ndiye aliyenipeleka hospitali, kitengo cha afya ya akili. Daktari aliniuliza maswali mengi, akasema ni sonona, akaniandikia fluoksetini, kidonge kimoja kila asubuhi. Wiki za mwanzo sikuona kitu zaidi ya kichefuchefu. Halafu taratibu usingizi ukarudi, nikarudi kazini. Nasema kweli, kile kidonge kilinisimamisha.

Sasa tatizo langu. Tangu nipate nafuu nimekuwa mtu mwenye ganzi. Silii, lakini sifurahi pia. Kijana wangu wa kwanza alipofaulu kidato cha nne nilijua napaswa kufurahi, nikatabasamu kwa sababu watu walikuwa wananitazama. Na kwenye ndoa, mshauri, hamu imeisha kabisa. Mume wangu ni mpole, anafanya kazi bandarini, hajawahi kunigombeza kwa hilo. Usiku mmoja aliniuliza tu, "Nimekukosea nini?" Sikuwa na la kumjibu. Yeye anajua nilishamaliza dozi zamani. Hajui kwamba bado nakunywa dawa.

Kaka yangu mkubwa yuko Edmonton, Kanada, miaka mingi sasa. Ndiye aliyelipia matibabu ya mama, na ndiye anayelipa ada ya wanangu wawili. Naye aliwahi kuugua sonona huko kwenye baridi, na anasema alipona kwa asidi amino, vile virutubisho vinavyojenga protini. Alipimwa na daktari, akapewa triptofani, akawa anafuatiliwa kila mwezi. Siku hizi ni mzima kabisa, anakunywa triptofani yake na kidonge kingine kimoja kidogo tu cha usiku. Ananieleza kwamba ubongo hutengeneza furaha kutokana na hivyo virutubisho, mwili ukipungukiwa ndipo sonona inapoingia, na kwamba dawa za hospitali zinafunika tatizo na kumfanya mtu awe mtumwa wake.

Hivi karibuni mgeni aliyetoka huko alinikabidhi furushi: chupa mbili za 5-HTP, moja ya tairosini na moja ya vitamini B. Kaka ameniandikia maelekezo kwa mkono wake: Jumapili acha kidonge, Jumatatu anza chupa. Tena amenitafutia mtaalamu wa lishe wa kuongea naye kwenye simu, ambaye atapima mkojo wangu aone ni kemikali gani ya ubongo iliyopungua. Sampuli isafirishwe nje, gharama juu ya kaka.

Chupa bado zimefungwa, ziko kabatini chini ya khanga. Nikimwambia daktari wangu, naogopa atanifokea. Mle kliniki tuko wengi na mtu anapata dakika chache. Nikimkatalia kaka, ataona namdharau, na sitaki kufikiria habari ya ada. Na moyoni nami navutiwa. Hivi ni chakula, ni vitu vya asili, na yeye alivitumia chini ya daktari akapona. Tarehe yangu ya kliniki ni wiki ijayo. Nifanyeje?

Mwalimu, Tanga

JIBU

Marahaba mwalimu. Pole kwa kufiwa na mama, na pole kwa safari ndefu uliyoipita baada yake huku ukiendelea kusahihisha daftari. Ahsante pia kwa kuandika mambo mawili ambayo wengi huyaficha, ile ganzi na habari ya chumbani. Nitayarudia.

Kwanza nikuoneshe kitu nilichokiona niliposoma barua yako mara ya pili. Daktari anajua kidonge, hajui ganzi wala chupa. Kaka anajua sonona, lakini sina hakika kama anajua kwamba kidonge ndicho kilichokurudisha darasani. Mumeo anaijua ganzi kuliko wote, ila hajui kwamba bado unakunywa dawa. Huyo mtaalamu wa simu hakujui kabisa. Watu wanne wanakutakia heri au wako tayari kukuhudumia, na hakuna hata mmoja mwenye habari nzima. Wewe umeniuliza uchague kidonge au chupa. Mimi nadhani kuna swali linalotangulia: nani atakuwa anakuangalia akiwa ameshika habari yako yote mkononi? Mimi ni mshauri nasaha, si daktari, kwa hiyo sitakwambia umeze nini. Lakini naweza kukusaidia kupanga maswali.

Kaka yako hajatoa maneno hewani. Ni kweli triptofani ni asidi amino tunayoipata kwenye chakula, mayai, maharage, dagaa, karanga. Mwili huigeuza kuwa 5-HTP, kisha kuwa serotonini, moja ya kemikali zinazopeleka ujumbe kwenye ubongo. Tairosini, asidi amino nyingine, ni mwanzo wa dopamini, kemikali nyingine ya namna hiyo. Madaktari walilifikiria jambo hili zamani. Mwaka 1963 Alec Coppen na wenzake huko Uingereza waliandika kwamba wagonjwa wa sonona waliopewa triptofani pamoja na dawa ya sonona ya wakati ule walipata nafuu zaidi kuliko waliopewa dawa hiyo peke yake. Zingatia hapo: pamoja na dawa. Huko Kanada anakoishi kaka, triptofani ya kutibu ni dawa ya kuandikiwa na daktari, na kwa kawaida huongezwa juu ya matibabu mengine. Ndiyo maana kile "kidonge kingine kidogo tu cha usiku" kilinishtua kidogo. Kidonge gani? Huenda ni cha presha. Huenda pia ndicho dawa ya sonona yenyewe, na triptofani ni msaidizi wake. Sisemi kaka anakudanganya. Mtu aliyepona husimulia kile anachoamini kilimponya, na mengine huyapita.

Halafu kuna hoja ya upungufu. Inavutia kwa sababu inafanana na mambo tunayoyajua: damu ikipungua unapimwa, unapewa madini ya chuma, unapimwa tena. Sonona haijawahi kuwa nyepesi hivyo. Sehemu kubwa ya serotonini ya mwili, karibu asilimia 90, hutengenezwa tumboni, na ile iliyo kwenye damu haivuki kuingia kwenye ubongo. Kwa hiyo mkojo hauwezi kumwambia mtu yeyote kichwani mwako kuna kiasi gani. Kwa kipimo hicho uniwie radhi nikisema wazi: naona ni ada ya mtoto inayomwagwa chooni. Hata triptofani ya chakula haiendi moja kwa moja inakotakiwa, kwani mlangoni pa ubongo inagombania nafasi na asidi amino nyingine kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni.

Na usidhani hoja hii inawabana watu wa virutubisho peke yao. Mwaka 2022 Joanna Moncrieff na wenzake walipitia tafiti za miaka mingi, wakasema hakuna ushahidi thabiti kwamba sonona inasababishwa na serotonini kupungua. Wataalamu wengine walibishana nao, na wanaendelea kubishana. Lakini tenganisha mambo mawili. Namna dawa inavyofanya kazi bado ina mjadala. Kama inawasaidia watu, hilo limepimwa kwa maelfu ya wagonjwa katika majaribio: inasaidia baadhi, si wote, na ina madhara yake. Kwa upande wa triptofani na 5-HTP, mwanzoni mwa miaka ya 2000 wachambuzi walikusanya tafiti 108. Zilizofikia kiwango cha kuaminika zilikuwa mbili, zenye watu 64 tu kwa jumla. Hizo mbili zilionesha matumaini. Huo ni ushahidi mwembamba, ambao hauniruhusu kukwambia kwamba chupa hazifanyi kitu wala kukwambia zinaponya.

Sasa neno lako, "ni chakula". Nalielewa. Ila dagaa hawaji kwenye kapsuli yenye kipimo. Kitu chenye nguvu ya kubadilisha hali ya akili kina nguvu ya kufanya na mengine. Mwaka 1989 Marekani watu zaidi ya 1,500 waliugua maumivu makali ya misuli na mabadiliko ya damu baada ya kumeza vidonge vya triptofani vilivyouzwa bila cheti cha daktari, na zaidi ya 30 wakafariki. Uchunguzi ulielekea kwenye bidhaa ya kiwanda kimoja, pengine kwa uchafu ulioingia wakati wa kutengeneza. Yamepita, na viwanda vimebadilika. Lakini chupa iliyokuja ndani ya begi la mgeni, hakuna mtu hapa nchini aliyeikagua kwa niaba yako.

Kinachonipa wasiwasi zaidi ya yote ni yale maelekezo ya Jumapili na Jumatatu. Hapa nitasema bila kuzunguka, kwa sababu ni usalama. Fluoksetini haitoki mwilini kwa siku moja. Ni dawa inayokaa sana; mabaki yake yanaweza kuendelea kwa wiki kadhaa, hata tano, baada ya kidonge cha mwisho. Ukianza 5-HTP Jumatatu, utakuwa nazo zote mbili mwilini, na zote zinasukuma serotonini upande mmoja. Ikizidi, mtu hutetemeka, hutoka jasho, moyo hudunda mbio, huharisha, hupata homa, hukosa utulivu na hata kuchanganyikiwa. Inaweza kuwa nyepesi na inaweza kuua. Fikiria dalili hizo hapa kwetu Tanga: mtu wa kwanza atakayekuona atasema ni malaria, utanunuliwa dawa ya mseto, na hakuna atakayeuliza habari ya chupa maana hakuna anayezijua. Kwa hiyo hata kama mwisho wa yote utazitumia, ratiba ile isiwe ndiyo hiyo, na usianze kabla daktari hajaziona.

Tena ipo mitego ya muda. Mtu akiacha dawa ya sonona, ugonjwa ukirudi hauji kesho yake. Unaweza kuja baada ya wiki, au miezi. Katikati hapo utajisikia vizuri, pengine vizuri zaidi kwa kuwa ganzi imepungua, na utaipa sifa chupa. Kaka atafurahi. Daktari hatajua. Ukianza kuamka tena saa tisa usiku, nani atakuwa wa kwanza kuelewa kinachotokea?

Turudi kwenye ganzi, kwa sababu hiyo ndiyo iliyofungua mlango kwa chupa. Kama dawa ingekuacha na furaha yako na hamu yako, ungehangaika na furushi la kaka? Kupungukiwa hamu ya tendo la ndoa na kuhisi moyo umekufa ganzi ni madhara yanayojulikana ya dawa za kundi la fluoksetini. Daktari wa akili huyasikia mara kwa mara, ingawa wanawake wengi hawamwambii. Zipo njia: kuangalia kipimo, kubadili dawa, au, kama umekaa katika nafuu kwa muda wa kutosha, kupanga kupunguza kidogo kidogo chini ya uangalizi. Kila moja ina hatari yake. Kubadili dawa kunaweza kukurudisha kwenye kichefuchefu cha mwanzo, na kupunguza mapema kunaweza kuirudisha sonona. Lakini hakuna hata moja inayoweza kujaribiwa kama daktari anaamini uko sawa.

Na je, tuna hakika kuwa ni dawa? Inaweza kuwa mabaki ya sonona yenyewe. Inaweza kuwa tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, upungufu wa damu, au mabadiliko ya homoni yanayowaanza wanawake wengi katika miaka ya arobaini. Hivyo vina vipimo vya kueleweka, na kama kaka anataka kulipia kipimo, hapo pesa yake ingefanya kazi. Inaweza pia kuwa msiba ambao haukupata nafasi. Umeniandikia kwa urefu kuhusu usingizi, dawa na chupa. Kuhusu mama umeandika kwamba mlimzika. Umewahi kukaa na mtu ukamzungumza mama yako, jinsi alivyokuwa? Mwanzoni mwa miaka ya 2000 huko Uganda, wilaya za Rakai na Masaka, watu wenye sonona walikutana katika vikundi vijijini mara moja kwa wiki kwa wiki 16, wakizungumza misiba na migogoro yao, wakiongozwa na watu wa hapo hapo waliopewa mafunzo, si madaktari. Walipata nafuu kubwa kuliko wasiokuwa kwenye vikundi. Ulizia kliniki kama wana mshauri au kikundi. Hilo halipingani na kidonge wala halimuudhi kaka.

Unaogopa kufokewa. Huenda ukafokewa, siwezi kukuahidi vingine, na foleni naijua. Lakini wewe ni mwalimu. Mwanafunzi anayekuletea swali limeandikwa vizuri humjibu tofauti? Andika karatasi moja: dawa ninayokunywa, tangu lini, kilichopona, kilichobaki, yaani ganzi na hamu ya ndoa, nilicholetewa, na hapo unazitoa chupa zenyewe asome lebo, na swali lako. Pengine atasema hapana kwa 5-HTP. Pengine atasema subiri. Wapo madaktari wanaokubali kuongeza kirutubisho kwa uangalifu, wakijua kipimo na wakikuita mara kwa mara. Huo ndio "usimamizi wa daktari" alioupata kaka Edmonton, na huo haukuingia kwenye furushi. Usimfiche pia kama una presha, kama wewe au mtu wa ukoo wenu amewahi kuwa na vipindi vya kuchangamka kupita kiasi bila kulala, au kama unakunywa dawa nyingine yoyote, hata ya kienyeji.

Kuhusu kaka, sioni ulazima wa kumkatalia. Umesema sana kuhusu ada, lakini hukusema kama amewahi kuitaja kwa namna ya kukulazimisha. Kuna tofauti kati ya kutishwa na kuogopa mwenyewe kwamba utatishwa, na wewe ndiye unayejua ipi ni yako. Mtu aliyekusanya chupa, akatafuta mgeni wa kuzibeba na kuandika maelekezo kwa mkono wake ni mtu aliyeogopa kumpoteza dada baada ya kumpoteza mama. Unaweza kumjibu hivi: "Kaka, nimepokea, Mungu akubariki. Wewe ulifanikiwa kwa sababu daktari alikuwa anakuangalia, nami nataka nifanye hivyo hivyo. Niandikie majina ya dawa zote unazotumia, pamoja na ile ya usiku, nimpelekee daktari wangu." Atakachojibu kitakufundisha mengi.

Mumeo naye alikuuliza swali la haki. Hakuna anayeweza kukulazimisha kumwambia habari za dawa, na wapo waume ambao ukiwaambia huigeuza kuwa silaha. Kwa jinsi ulivyomweleza, sidhani kama ni wa namna hiyo, ila mimi namjua kwa mistari miwili tu. Sasa hivi anaishi akiamini kosa ni lake. Pima mwenyewe kipi kizito zaidi.

Jambo moja halisubiri tarehe. Ile hali ya kutamani usiamke, ikirudi hata kwa siku moja, nenda hospitali siku hiyo hiyo na usiende peke yako. Mwalimu mwenzako aliyekupeleka mara ya kwanza tayari anaijua njia. Mwambie leo kwamba unaweza kumhitaji tena.

Kidonge chako cha asubuhi endelea nacho mpaka muongee. Na siku ya kliniki ukikuta daktari mwingine asiyekufahamu, mpe karatasi hiyo hiyo, aisome yote kabla hajaandika chochote.